Mwanangu ana simu mbili na tiketi ya treni: nikienda polisi nitakuwa nimemfunga?

*«Naishi London mashariki na wanangu watatu, sisi ni watu wa Tanga. Mkubwa ana miaka 15. Tangu Septemba amebadilika: viatu vipya sijui kavipata wapi, shule anakwenda akijisikia, usiku simu haiishi. Mwezi uliopita alipotea siku mbili, akarudi ananuka, hajala, ana jeraha mkononi, akasema alikuwa kwa rafiki. Nikakuta kitochi ndani ya soksi na tiketi ya treni ya Clacton-on-Sea. Kule hatuna mtu. Juzi kijana mmoja mkubwa kaja mlangoni, kasema mwanangu anadaiwa pauni 900 na kwamba anaijua shule ya mdogo wake. Baba yao anasema nikipiga simu polisi nimemfunga mtoto na nimeharibu makaratasi yetu, maana tuna kibali tu, uraia bado. Dada yangu anasema nimpeleke Tanga kwa bibi yake haraka. Nilipe hiyo hela? Nimpeleke nyumbani? Na nikienda polisi nianzie wapi?»*

Dada yangu, pole sana. Nianze na majibu, maelezo yafuate. Usilipe. Usimkatie tiketi ya ndege wiki hii. Polisi nenda, na ustawi wa jamii wa halmashauri yako nenda pia, ila uende umejipanga, ukijua utasema nini na utabeba nini. Na yule kijana aliyekuja mlangoni akataja shule ya mdogo wake ametoa kitisho. Hilo ni kosa linalojitegemea, na linaripotiwa leo, lisingoje kikao cha familia.

Unayoyaeleza wanayaita huko «county lines», nami nitayaita laini za mikoani. Kiini cha biashara hiyo ni namba ya simu. Kundi lililoko London, Birmingham au Liverpool linamiliki namba ambayo mateja wa mji mdogo kama Clacton wanaijua kwa jina lake la biashara, mara nyingi jina la mtu. Mwenye laini hatoki mjini kwake. Anatuma ujumbe kwa wateja wote kwa mkupuo kwamba mzigo umefika, teja anapiga, yeye anapokea akiwa London, halafu anampigia mtoto aliyeko Clacton: nenda kona fulani, mpe fulani kete mbili. Mzigo kwa kawaida ni heroini na kreki, ile kokeini iliyopikwa ikawa mawe ya kuvuta. Mwaka 2019 idara ya taifa ya kupambana na uhalifu, NCA, ilikadiria kuwa namba za aina hiyo zilikuwa kama 2,000, na kwamba laini moja inaweza kuingiza zaidi ya pauni 800,000 kwa mwaka. Mtoto katika biashara hiyo ni miguu ya kutumwa. Anachaguliwa kwa sababu polisi hawamjui, mshahara wake ni viatu na kuku wa kukaanga, na ni rahisi kumtisha. Wala si lazima atoke nyumba yenye matatizo. Mara nyingi anayemwingiza ni mwanafunzi mwenzake aliyeingizwa kabla yake.

Sasa hizo pauni 900. Ni vizuri uelewe deni hilo linavyotengenezwa, maana ukilielewa hutalilipa. Mtoto anapewa mzigo auze. Akiwa njiani anavamiwa, anapigwa, ananyang'anywa mzigo na pesa. Waliomvamia mara nyingi wametumwa na watu walewale waliompa mzigo. Mzigo umerudi kwao, lakini mtoto anaambiwa: umepoteza mali yetu, utafanya kazi bure hadi uilipe. Jeraha la mkononi huenda limetokana na tukio la namna hiyo. Ukilipa leo wanajifunza kwamba nyumba hii ina pesa na kwamba mama anatishika. Wiki ijayo patakuwa na hasara nyingine, au riba, au deni la rafiki yake ambalo eti alimdhamini. Deni hilo ndilo kamba waliyomfungia, na mwenye kamba hana haja ya kuona deni linaisha. Najua uzito wa kukataa wakati mtu ameshataja shule ya mtoto mdogo. Ndiyo maana kukataa kwako kunatakiwa kuambatane na ripoti ya polisi siku hiyohiyo, usikatae peke yako kimyakimya.

Alikolala siku mbili zile, kwa kawaida ni kwenye nyumba ya mtu mwingine aliyeonewa vilevile: teja, mgonjwa wa akili, mzee mpweke, mama mwenye ulemavu. Watu wa laini wanamjia na ukarimu, kete za bure, maneno mazuri. Baada ya siku chache funguo ziko kwao, mwenye nyumba analala sakafuni na anaogopa kufungua mdomo. Humo ndimo mtoto wa miaka 15 anaachwa na mzigo, bila chakula, bila sabuni, na watu wazima waliolewa dawa. Polisi na halmashauri wanaweza kuiomba mahakama ifunge nyumba hiyo hadi miezi 3, na ipo amri ya nusu inayomwacha mwenye nyumba abaki huku kila mtu mwingine akipigwa marufuku kuingia. Mwaka 2025 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kufanya uvamizi huu wa nyumba uwe kosa lenye jina lake, pamoja na kosa la kuwatumikisha watoto katika uhalifu.

Kuna jambo gumu ambalo lazima nikuambie. Watoto wengi wanalazimishwa kuficha kete mwilini, kwenye njia ya haja kubwa. Kete moja ikipasuka inaweza kuua. Ukimwona ana usingizi usioamshika, mboni za macho zimekuwa kama nukta, anapumua polepole, au kinyume chake moyo unamwenda mbio, anatokwa jasho, anatetemeka au anapata degedege, piga 999 na umwambie mhudumu wazi kwamba unashuku ana dawa za kulevya mwilini. Usimpe dawa ya kuharisha, usijaribu kuzitoa. Aibu iweke pembeni, inachelewesha.

Nije kwa hofu ya baba yao, kwa sababu hofu hiyo ina msingi, ila imejengwa juu ya picha ya polisi wanaomkamata mbeba kete na kuishia hapo. Kwa muda mrefu walifanya hivyo kweli. Waliokuwa wakijaza mahabusu ni watoto na mateja, laini inaendelea kuita. Kilichobadilika ni kwamba walianza kuifuata namba. Mwaka 2018 kilianzishwa kituo cha taifa cha kuunganisha taarifa za laini hizi, na mwaka 2019 polisi wa London wakaanzisha operesheni iitwayo Orochi. Wanachukua namba ya laini, wanaomba kumbukumbu zake kutoka kampuni ya simu, wanaangalia minara iliyoishika saa hadi saa, kisha wanatafuta simu nyingine, ya mtu binafsi, iliyotembea pamoja nayo: zote mbili usiku mtaa mmoja, zote mbili asubuhi duka moja. Simu ya pili ina jina la mwenyewe. Wakishampata wanavunja mlango simu ya biashara ikiwa bado mkononi mwake, na anashtakiwa kwa kumbukumbu za simu.

Maana yake kwako ni hii: mwanao si lazima asimame kizimbani kumtaja mtu ndipo mwenye laini afungwe. Ushahidi unaweza kuwa minara, ujumbe na tarehe. Wewe kama mama una vitu viwili ambavyo polisi anayeijua kazi anavitaka kuliko hotuba yoyote, yaani namba na tarehe. Namba zilizomo kwenye kile kitochi, namba inayompigia usiku, tarehe aliyotoka na tarehe aliyorudi, tiketi ya Clacton yenye siku na saa yake. Aliyemtuma akipatikana, kwa sheria ya utumwa wa kisasa ya 2015 anaweza kuhukumiwa hadi kifungo cha maisha. Oktoba 2018 mtu mmoja wa Birmingham alifungwa miaka 14 kwa kusafirisha watoto kwenda Lincoln kumuuzia dawa.

Je, mwanao hatashtakiwa? Siwezi kukuahidi hivyo, na mtu anayekuahidi anakudanganya. England na Wales mtoto anaweza kushtakiwa kuanzia miaka 10. Lakini sheria hiyohiyo ya 2015, kifungu cha 45, inampa kinga aliyefanya kosa kwa sababu alikuwa anatumikishwa. Kwa aliye chini ya miaka 18 si lazima hata kuthibitisha kwamba alilazimishwa kwa nguvu. Inatosha kwamba kosa lilitokana moja kwa moja na kutumikishwa kwake, na kwamba mtoto mwingine wa hali na umri wake angeweza kufanya vilevile. Wakili akishaiweka hoja hiyo mezani na ushahidi wa kuishika, kazi ya kuibomoa ni ya upande wa mashtaka. Kuuza dawa kunaingia ndani ya kinga hii; makosa mazito kama mauaji, utekaji na unyang'anyi hayaingii. Kwa hiyo wakianza kumpa kisu na kumtuma akadai madeni kwa wenzake, mlango unazidi kuwa mwembamba. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutongoja.

Sambamba na kinga hiyo upo utaratibu wa taifa wa kumtambua mhanga wa usafirishaji haramu wa binadamu, unaojulikana kwa herufi NRM. Kusafirishwa kwa maana hii hakuhitaji kuvuka mpaka wa nchi. Treni ya kutoka Liverpool Street hadi Clacton inatosha. Wewe huwezi kujaza fomu hiyo mwenyewe. Anaijaza polisi, ustawi wa jamii au shirika lililoidhinishwa, na kwa mtoto ridhaa yake haihitajiki. Uliza kwa jina: «Je, mmempeleka mwanangu kwenye NRM?» Uliza tena wiki inayofuata kama hujajibiwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona Uingereza imevunja haki za vijana wawili wa Vietnam waliokutwa wakiwa watoto kwenye nyumba za kulimia bangi, wakashtakiwa bila kwanza kupimwa ipasavyo kama ni wahanga. Wakili anayejua kazi yake anaijua kesi hiyo.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, naomba unisome taratibu. Mwaka huohuo wa 2021, katika shauri la Brecani, Mahakama ya Rufani ya England ilisema kwamba uamuzi wa NRM wenyewe hauwezi kupelekwa kama ushahidi mbele ya wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia. Hata ofisi ya serikali ikiandika kwamba mwanao ni mhanga, kesi ikifika huko haitasimama kwa karatasi hiyo. Itasimama kwa vitu vilivyoandikwa siku vilipotokea: ripoti za kupotea, mahudhurio ya shule, picha ya jeraha na cheti cha daktari, ujumbe wa vitisho, jina la mtu aliyekuja mlangoni na saa aliyokuja. Mama aliyenyamaza miezi sita ili kumlinda mwanawe anajikuta siku ya mahakama hana hata karatasi moja inayoonyesha kwamba mtoto alikuwa anaonewa. Mama aliyepiga simu kila alipopotea ana rundo. Ukimya unaomwogopea mtoto kufungwa ndio unaomvua kinga yake.

Basi leo usiku chukua daftari la kawaida. Andika kila unachokumbuka tangu Septemba kwa tarehe, hata kwa makadirio: siku alizokosa shule, viatu na vilipoonekana, siku mbili zile, alirudi saa ngapi, amevaa nini, anasema nini. Andika yule kijana wa mlangoni alivyokuwa: urefu, sauti, nguo, gari kama lilikuwepo, maneno yake kama alivyoyatamka. Piga picha tiketi mbele na nyuma. Kitochi usikivunje na usikitupe, wala usianze kupekua ujumbe wake. Kipige picha kikiwa kama kilivyo, kiweke kwenye bahasha, andika siku na mahali ulipokikuta. Majirani wenye kamera za mlangoni waombe wahifadhi picha za siku hiyo kabla hazijafutika zenyewe.

Halafu piga simu. Kama kijana yule amerudi, au mtoto yuko hatarini sasa hivi, ni 999. Ukiwa huwezi kusema kwa sababu yupo karibu, piga 999 kwa simu ya mkononi na ukiambiwa ubonyeze, bonyeza 55. Kama hatari si ya dakika hii, ni 101. Maneno unayotumia yana uzito: usiseme «mwanangu anauza dawa», sema «mwanangu wa miaka 15 anatumikishwa na watu wazima, anapelekwa Clacton, na juzi nimetishwa mlangoni kwangu». Yote ni kweli, ila ya kwanza inafungua jalada la mtuhumiwa na ya pili inafungua jalada la mtoto wa kulindwa. Dai mkalimani wa Kiswahili ikiwa Kiingereza kinakupa shida, ni bure. Usikubali mwanao au mdogo wake awe mkalimani. Usikate simu bila namba ya kumbukumbu, nayo iandike kwenye daftari.

Siku hiyohiyo piga halmashauri, timu ya ulinzi wa watoto, ambayo maeneo mengi inaitwa MASH. Wape namba ya kumbukumbu ya polisi, waombe kikao cha dharura kati yao, polisi na shule. Mwambie pia polisi kuhusu notisi ya onyo la utoroshaji wa mtoto. Kwa kuwa mwanao hajafika 16, polisi wanaweza kumkabidhi mtu mzima notisi ya maandishi inayomkataza kukaa naye, wakishapata maelezo yako kwamba hujatoa ruhusa. Kuivunja peke yake si kosa, ila inamnyima utetezi wa «sikujua umri wake» na inajenga kesi ya utoroshaji. Wazazi wengi hawaijui, na nafasi hiyo inafungwa siku anapotimiza miaka 16.

Akipotea tena, usingoje saa 24. Kanuni hiyo haipo. Piga mara tu unapojua hayupo mahali anapotakiwa kuwa, toa picha ya karibuni, nguo alizovaa, namba za simu zake zote mbili, na taja Clacton ili ripoti ifike kwa polisi wa Essex, mkoa uliko mji huo. Polisi wa reli wana kikosi maalumu cha laini hizi tangu Desemba 2019, nao wanapokea ujumbe mfupi kwa 61016. Mtoto mdogo peke yake siku ya shule, bila mzigo wa safari, ndiye wanayemtafuta. Akirudi, halmashauri inapaswa kumpa nafasi ya kuzungumza na mtu huru ndani ya saa 72. Idai hiyo nafasi. Watoto husema huko yale wasiyoweza kusema mbele ya mama.

Ukikuta dawa zenyewe chumbani, hapo pana mvutano wa kweli. Ukizimwaga chooni, sheria ya dawa za kulevya ya 1971 inakulinda uliyezichukua ili kuziharibu au kuzikabidhi, lakini mtoto atadaiwa thamani yake na ushahidi umekwenda na maji. Ukizirudisha mahali pake ukanyamaza, unaanza kuingia hatarini wewe mwenyewe, kwa kuwa mwenye nyumba anayejua biashara inafanyika kwake akaiacha naye anashtakiwa. Ninachoshauri ni kuzikabidhi: usizishikeshike, usitembee nazo njiani, funga chumba, piga simu waje. Anaweza kukamatwa siku hiyo. Kwa hiyo wakili apigiwe simu kabla polisi hawajafika, ikiwezekana.

Na akikamatwa, kumbuka haya. Wakili wa kituoni ni bure, bila kujali kipato chenu, na mtoto asihojiwe bila yeye. Anatakiwa pia awe na mtu mzima wa kumsimamia. Unaweza kuwa wewe, ila kama wewe ni shahidi wa shauri lilelile polisi watatafuta mwingine, kwa hiyo fikiria mapema mjomba au shangazi anayeaminika. Mwambie wakili dakika ya kwanza: kifungu cha 45, NRM, daftari hili hapa. Wapo watoto wanaokiri kosa asubuhi ili warudi nyumbani jioni, na hoja hii haijaguswa. Kuifufua baadaye kwa rufaa ni kazi ya miaka. Nikuambie pia lile ambalo wengi wenu mnalijua: mtoto mweusi wa miaka 15 mara nyingi anatazamwa kama mtu mzima. Rudia umri wake katika kila sentensi.

Kuhusu makaratasi, mume wako hajakosea kuwaza. Kama kibali chenu ni hai, kuripoti kwamba mtoto anatumikishwa hakukivunji. Kinachoweza kuumiza ni hukumu. Maombi ya uraia hupima tabia njema ya mwombaji kuanzia miaka 10, kwa hiyo hata hukumu ya utotoni itaulizwa. Ile sheria ya kufukuzwa nchini moja kwa moja kwa kifungo cha miezi 12 na zaidi haimshiki aliyehukumiwa akiwa chini ya 18, ingawa serikali bado ina hiari yake. Hesabu zote zinaangukia palepale: njia ya kuyalinda makaratasi ni kutambuliwa kuwa mhanga kabla hajawa mshtakiwa. Kama kuna mtu ndani ya nyumba ambaye kibali chake kimeisha, aonane kwanza na wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, kwa sababu polisi wanaweza kupeleka taarifa uhamiaji. Si yule ndugu anayejaza fomu za watu kwa malipo bila usajili; kufanya hivyo ni kosa la jinai.

Tanga sasa. Ninaelewa kwa nini dada yako analiona jibu, na kuna watoto waliotulia kwa bibi. Lakini pima. Deni halipandi ndege. Wanaobaki London ni wewe na wadogo zake, na mlango wanaujua. Mtoto aliyepelekwa kwa hila huvunjika moyo kwa mama, na akirudi akiwa ametimiza miaka 18 hana shule wala kinga ya umri. Unga nao Tanga upo, Mombasa upo, na kule hakuna NRM ya kumpokea. Pia kuna mahakama. Kijana wa London wa miaka 14 alipelekwa Ghana mwaka 2024 akiambiwa ndugu anaumwa, akaachwa shule ya bweni kwa sababu wazazi waliogopa magenge. Aliwashtaki wazazi wake. Februari 2025 Mahakama Kuu iliona wazazi walikuwa ndani ya mamlaka yao. Juni 2025 Mahakama ya Rufani ikarudisha shauri lisikilizwe upya. Kwa hiyo si haramu moja kwa moja, wala si salama moja kwa moja. Na kama ustawi wa jamii wameshafungua jalada, au yuko nje kwa dhamana, usimsafirishe bila kuwaambia. Baadaye, deni likishakatwa na akiwa anajua anakokwenda na atarudi lini, likizo ndefu kwa bibi inaweza kumponya. Sasa hivi ni kukimbia. Kuhama nyumba ndani ya Uingereza kunaweza kufaa zaidi: kama nyumba yenu mmeipanga kutoka halmashauri, ripoti ya kitisho yenye namba ndiyo inayofungua maombi ya kuhamishwa kwa usalama.

Na yeye mwenyewe? Usimwulize «nani kakutuma» usiku wa kwanza. Amekwisha kuambiwa nini kitatokea akijibu. Mpe chakula, mwache aoge, angalia lile jeraha, mpeleke kwa daktari. Kisha mwambie sentensi chache: najua unadaiwa, najua deni limetengenezwa, sina hasira, sitalipa na hutarudi kule, tutatafuta watu wa kutusaidia. Mkiwa kwenye gari au mnaosha vyombo inakuwa rahisi kuliko kukaa uso kwa uso. Akikasirika au akikutukana, rudi tena kesho. Wengi hutoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kutoka kabisa, na polisi wakiua namba moja, kundi linaweza kuwa na nyingine ndani ya wiki; tangu 2017 mahakama inaweza kuamuru namba izimwe, lakini watu walewale hununua laini mpya. Usihesabu kukamatwa kwa mmoja kuwa ndio mwisho. Angalia pia kadi yake ya benki. Pesa za watu zikipita kwenye akaunti yake anaweza kuwekewa alama ya udanganyifu inayomnyima benki hata miaka 6.

Mtu wa kuonana naye ana kwa ana wiki hii ni wakili wa jinai wa vijana mwenye uzoefu wa kesi za kutumikishwa, hata kabla mtoto hajakamatwa. Vituo vya sheria vya jamii huanza bure. Kwa mazungumzo na mtu anayejua laini hizi, shirika la Missing People linapatikana kwa 116 000, bure, kwa mtoto na kwa mzazi. NSPCC ni 0808 800 5000, na mtoto akitaka kuongea peke yake, Childline ni 0800 1111. Crimestoppers, 0800 555 111, inapokea taarifa bila jina. Inamfaa jirani au mjomba, lakini haikufai wewe, kwa sababu taarifa isiyo na jina haiwezi kuja kumtetea mwanao.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, pitia shule ya yule mdogo. Omba kuonana na mwalimu wa ulinzi wa watoto, mpe namba ya kumbukumbu ya polisi, andikeni orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua na neno la siri la kutaja getini, na uombe atolewe kwa mlango wa ndani hadi polisi watakaposema vinginevyo.